Jinsi ya Kusoma Slaidi za Pua na Njia za Hewa kwa Hadubini

Mwaka wangu wa kwanza chuoni niliingia kwenye mtihani wa vituo nikiwa nimekariri sura nzima ya mfumo wa hewa. Kila kituo dakika mbili, kengele ikilia unasogea. Kituo cha saba nikainama kwenye hadubini, lenzi ya 40 imeshawekwa, nikaona seli ndefu nyembamba zimebanana, viini vingine juu vingine chini, na kwenye kilele chake vijinywele. Nikaandika "trakea", yaani bomba kuu la hewa, kwa mwandiko wa mtu aliyeshiba. Kumbe ilikuwa epididimisi, mrija unaotunza mbegu za kiume. Karatasi iliporudi, mwalimu alikuwa ameandika pembeni kwa wino mwekundu: "Huyu mgonjwa anapumulia wapi?"

Sasa mimi ndiye ninayesimamia wanafunzi kwenye hadubini, na kosa hilo naliona kila mwaka. Mtu anakimbilia lenzi kubwa, anakutana na seli, anadhani kamaliza. Seli peke yake hudanganya. Ukiwa na sanduku la slaidi na mtihani unakaribia, fuata njia ambayo hewa yenyewe inaifuata, kuanzia tundu la pua hadi kwenye vifuko vya mapafu, na kila unaposimama jiuliza mambo matatu: ukuta huu umefunikwa na nini, unalowanishwa na nini, na umeshikiliwa na nini usijifunge? Hilo la tatu ndilo linalosahaulika, na ndilo linalookoa.

Hatua ya 1: Tazama slaidi kwa macho kabla ya hadubini

Ishike slaidi juu ya karatasi nyeupe. Trakea iliyokatwa kwa upana ni pete, na ndani ya pete kuna herufi C ya bluu iliyofifia. Ukuta wa pua ni ukanda uliojikunja. Pafu ni kama kipande cha sponji chenye matundu. Hapo hujagusa swichi ya taa, na nusu ya kazi imeisha.

Slaidi nyingi za kufundishia zimetiwa rangi mbili, hematoksilini na eosini. Hematoksilini, ambayo asili yake ni gogo la mti wa Amerika ya Kati, inapaka viini bluu ya zambarau. Eosini inapaka saitoplazimu, yaani mwili wa seli unaozunguka kiini, na nyuzi za kolajeni pinki. Gegedu la njia ya hewa huvuta bluu kwa sababu limejaa molekuli zenye asidi. Kamasi, kwa upande wake, halishiki rangi hizi vizuri, na sehemu kubwa yake hupotea wakati kipande kinaandaliwa. Kwa hiyo seli ya kamasi utaiona kama kitundu cheupe au cha kijivu chenye umbo la bilauri. Mwanafunzi anayetafuta kamasi la bluu atatafuta hadi taa iungue.

Anza na lenzi ya 4, halafu ya 10, ya 40 iwe ya mwisho. Na jua ukubwa wa unachokitazama: kama lenzi ya jicho imeandikwa namba 18, duara unaloliona lina upana wa milimita 4.5 kwa lenzi ya 4, milimita 1.8 kwa lenzi ya 10, na milimita 0.45 kwa lenzi ya 40. Ukiwa ndani kabisa, rula yako ni chembe nyekundu ya damu, yenye upana wa karibu mikromita 7. Chembe hizo hazikosekani kwenye slaidi za pua.

Hatua ya 2: Mlangoni mwa pua

Hapa usikae sana. Mlango wa pua ni ngozi iliyoingia ndani: seli bapa zenye matabaka mengi, keratini (protini ngumu ya ngozi) juu, mizizi ya nywele ngumu, tezi za mafuta, tezi za jasho. Ukiona mzizi wa unywele, bado hujaingia ndani ya pua kwa maana ya hadubini. Ndiyo maana watu hupata majipu madogo pale na si ndani zaidi, na ndiko bakteria aina ya Staphylococcus aureus anakofanya makazi kwa karibu theluthi ya watu wenye afya zao.

Sogeza slaidi polepole kuelekea ndani. Keratini inakatika, nywele zinaisha, seli bapa zinaanza kunyanyuka kuwa ndefu. Mpaka huo ukiupata, uchore. Wengi hawajawahi kuuona kwa sababu wanaruka moja kwa moja hadi sehemu "nzuri".

Hatua ya 3: Utando wa kupumulia, ukae nao

Hapa ndipo penye kazi. Utando huu unafunika sehemu kubwa ya ndani ya pua, na kwa mabadiliko machache unaendelea hadi kwenye trakea na bronkai, matawi yake makubwa. Ukiujua vizuri puani, umeujua kote.

Vitabu vinauita epithelia (tabaka la seli linalofunika uso) ya matabaka bandia. Ili uelewe "bandia" ni nini, fikiria daladala ya saa moja asubuhi. Abiria wote miguu iko sakafuni. Vichwa ndivyo visivyo usawa: huyu mrefu anagusa paa, yule mfupi, na mtoto wa shule amemezwa katikati haonekani. Ukitazama vichwa tu utasema watu wamepangwa ghorofa mbili au tatu. Ndivyo viini vya seli hizi vilivyo. Kila seli imekanyaga utando wa msingi, ndiyo sakafu yenyewe, lakini si kila seli inafika juu.

Weka lenzi ya 40, punguza mwanga kidogo kwa kushusha kondensa (lenzi iliyo chini ya meza ya slaidi), kisha tafuta vitu hivi kutoka juu kwenda chini.

Kwanza silia, vijinywele vinavyopiga. Zinaonekana kama ukingo wa brashi, urefu wake unakaribia upana wa chembe nyekundu ya damu. Chini ya brashi, pale inapoungana na seli, kuna mstari mwembamba wa pinki iliyokolea, kama mshono. Simama hapo. Mstari huo ni safu ya vitako vya silia, kila unywele na kitako chake. Huo ndio mstari ambao ungeniokoa kwenye kituo cha saba: vijinywele vya epididimisi ni virefu, vimeshikana vishada kama nywele zilizolowa, havijongei, na hapana mshono chini yake. Ukiuona mshono, una silia za kweli.

Seli moja ina silia 200 hadi 300. Ndani ya kila moja, kwa hadubini ya elektroni, kuna jozi 9 za mirija midogo zilizozunguka mirija 2 ya katikati, na vijikono vya protini ya daynini ndivyo vinavyoifanya ipinde. Inapiga zaidi ya mara 10 kwa sekunde. Juu ya silia kuna matabaka mawili ya majimaji: chini maji mepesi ambamo silia zinapiga kasia, juu kamasi zito linalonasa vumbi, na ncha za silia zinalisukuma lile zito. Puani linasukumwa kurudi nyuma, kwenye mapafu linasukumwa kupanda juu, na yote yanakutana kooni yanamezwa bila mtu kujua. Waliozaliwa na hitilafu kwenye daynini hawana msukumo huo. Hukohoa tangu utotoni, sainasi hazikauki, na karibu nusu yao moyo umekaa upande wa kulia, kwa sababu silia ndizo zinazoamua upande wa viungo mimba ikiwa changa. Manes Kartagener aliandika juu ya wagonjwa wa namna hii mwaka 1933, na Björn Afzelius akaonyesha kasoro ya silia mwaka 1976.

Unataka kuona silia zikifanya kazi bila hadubini? Madaktari wa pua huweka chembe ya sakarini kwenye sehemu ya mbele ya konka ya chini (konka ni kikunjo cha mfupa kwenye ukuta wa ndani wa pua), kisha wanapima muda hadi mtu aonje utamu kooni. Kwa kawaida ni chini ya dakika 20. Huyo mwenye sakarini haruhusiwi kuvuta kamasi wala kupiga chafya, jambo ambalo ni gumu kuliko linavyosikika.

Pili, seli za kamasi, vile vitundu vyeupe kati ya seli zenye silia. Kama maabara yenu ina slaidi ya rangi ya PAS, iombe: vitundu vile vile vinageuka zambarau kali ya kuonekana kwa lenzi ya 4. Tatu, seli za msingi, viini vidogo vya duara vilivyoinama sakafuni. Hizi ndizo zinazozaa nyingine. Kuna pia seli za brashi na seli ndogo za chembechembe, lakini kwa rangi ya kawaida huwezi kuzitofautisha, na mtahini mwenye haki hawezi kukuuliza uzionyeshe.

Sasa shuka chini ya utando wa msingi, kwenye tishu unganishi. Utakuta tezi zilizochanganyika, nyingine za kamasi zenye rangi hafifu, nyingine za majimaji zenye rangi iliyokolea. Na kwenye konka ya chini utakutana na mapango makubwa matupu. Kila mwaka kuna mtu ananiambia "tishu imechanika". Haijachanika. Ni vena za ukuta mwembamba. Tafuta ukingo wa seli bapa na chembe nyekundu mbili tatu zilizobaki ndani. Mapango hayo hujaa damu na kupasha hewa joto. Yakijaa mno, pua inaziba, na ndiyo maana mafua huziba pua hata ukiwa umeshapenga kamasi lote. Hata mtu mzima wa afya, tundu moja huvimba kidogo huku jingine likiachia, kisha baada ya saa kadhaa zinapokezana zamu. Ziba tundu moja sasa hivi, halafu jingine, utajua ni zamu ya nani.

Swali la tatu: nini kimeshikilia ukuta? Kwenye konka, ni mfupa. Pinki, wenye mistari ya matabaka, na utando wa pua umeung'ang'ania bila nafasi katikati.

Hatua ya 4: Darini mwa pua, penye kunusa

Slaidi hii huwapa watu shida kwa sababu inafanana na ile ya hatua ya 3 ukiitazama haraka. Basi tazama kwa kukosa: seli za kamasi hazipo. Brashi ya silia safi nayo haipo, kwa kuwa silia za seli za kunusa ni ndefu, zimelala juu ya utando, na hazipigi. Epithelia ni nene zaidi, na viini vimepanga safu tatu zinazoeleweka: juu viini vya mviringo mrefu vya seli tegemezi, katikati viini vya duara vya neva za kunusa, chini kabisa seli za msingi.

Shuka chini utaona vitu viwili vya kuthibitisha: tezi za Bowman, za majimaji matupu, zinazosafisha harufu ya zamani ili mpya iingie; na mafungu ya neva, yenye rangi hafifu, mawimbi mawimbi kama nywele zilizochanwa. Mafungu hayo yanapenya kwenye mfupa wenye vitundu na kuingia moja kwa moja kwenye ubongo.

Seli ya kunusa ni neva iliyowekwa wazi kwa hewa, jambo la nadra mwilini. Inaishi wiki kadhaa hadi miezi, kisha seli za msingi zinazaa nyingine. Wakati wa Uviko-19 wengi walipoteza harufu ghafla huku pua haijaziba. Watafiti walipochunguza waligundua kuwa kipokezi ambacho kirusi hukitumia kuingilia kiko kwenye seli tegemezi, si kwenye neva yenyewe. Safu ya juu ikiugua, ya katikati inakosa mlezi. Ukiielewa safu hizo tatu kwenye slaidi, habari hiyo haihitaji kukaririwa.

Hatua ya 5: Trakea

Lenzi ya 4. Tafuta gegedu la C, kisha fuata ncha zake mbili. Kati ya ncha hizo kuna daraja la misuli laini: huo ndio mgongo wa trakea, unaotazamana na umio. Mara nyingi fundi ameacha kipande cha umio kwenye slaidi hiyo hiyo. Usihangaike nacho, kitumie: umio una seli bapa za matabaka mengi, tundu lake limejikunja na kufunga, kwani chakula kikija litafunguka lenyewe. Trakea haina ruhusa hiyo ya kufunga. Ina vipande 16 hadi 20 vya gegedu, na kazi yake ni kubaki wazi usiku na mchana.

Nenda lenzi ya 10 ndani ya gegedu. Seli zake zimekaa kwenye vyumba vidogo, mbili mbili au nne nne, kama ndugu waliogawana kiwanja cha baba. Ukingoni kuna ganda la pinki linaloitwa perikondriamu. Rudi juu kwenye epithelia, na uangalie utando wa msingi: kwenye trakea ni mnene kiasi cha kuonekana kama mstari wa pinki.

Kati ya epithelia na gegedu kuna tezi. Pima unene wake. Lynne Reid alipendekeza mwaka 1960 kugawanya unene wa tezi kwa umbali wote wa kutoka utando wa msingi hadi perikondriamu. Kwenye bronkai ya mtu mwenye afya jibu haliizidi 0.4 au hukaribia hapo. Kwa mwenye bronkaitisi sugu, tezi zimevimba na namba inapanda. Kama slaidi yenu imetoka kwa mvutaji wa sigara wa muda mrefu, unaweza kukuta silia zimetoweka mahali fulani na seli bapa zimechukua nafasi. Usiseme ni umio. Angalia chini: gegedu lipo.

Hatua ya 6: Bronkai hadi bronkioli

Hapa swali la tatu ndilo linalotembea. Kwenye bronkai, C imevunjika kuwa vipande visivyo na mpangilio, na misuli laini imejipenyeza kati ya epithelia na gegedu. Kadiri njia inavyogawanyika, gegedu linapungua na misuli inaongezeka kwa uwiano. Kwenye bronkioli, yaani chini ya karibu milimita 1, hakuna gegedu na hakuna tezi. Kinachoishikilia ni nyuzi za pafu jirani zinazoivuta kutoka nje, kama kamba za hema. Pumu huuma hapa: pete ya misuli, hakuna gegedu la kuizuia isibane. Tundu la bronkioli kwenye slaidi huonekana kama nyota, kwa kuwa misuli imejikaza na utando umekunjamana.

Kosa la kawaida ni kuita ateri bronkioli. Zinatembea pamoja, hivyo zote mbili ziko mbele yako. Ateri ina chembe za damu ndani na safu moja tu ya seli bapa ukingoni. Bronkioli ina seli za mchemraba au ndefu kidogo, na tundu tupu.

Angalia nani ameondoka kwanza: seli za kamasi huisha kabla ya silia. Ni mpangilio wenye akili, maana kamasi lingezalishwa mahali pasipo na silia lingeteremka kwenye vifuko vya hewa na kuvifurika. Nafasi inachukuliwa na seli zenye kichwa cha kuba, zisizo na silia. Vitabu vya zamani vya maktaba vinaziita seli za Clara, kwa jina la Max Clara aliyezieleza mwaka 1937. Jina hilo limeachwa, kwa kuwa Clara alikuwa mfuasi wa Wanazi na alitumia tishu za wafungwa waliouawa kwa hukumu ya kifo. Siku hizi huitwa seli za rungu, na ndivyo uandike.

Hatua ya 7: Vifuko, kwa kifupi

Kuta nyembamba kama wavu. Seli bapa za aina ya kwanza zinafunika karibu asilimia 95 ya eneo, lakini utaona viini vyake tu, vimelala. Za aina ya pili ni za duara, pembeni pembeni, zinatoa majimaji yanayozuia kifuko kisijibane. Ndani ya uwazi tafuta seli kubwa zilizojaa vitone vyeusi. Hizo ni makrofaji, seli zinazomeza uchafu, na vitone ni masizi: ya sigara, ya barabarani, ya jiko la kuni. Nyingine hupanda ngazi ya silia hadi kooni na kumezwa. Nyingine hubaki na mzigo wao.

Hatua ya 8: Jipime

Mwambie mwenzako abandike karatasi juu ya lebo za slaidi, azichanganye, akuwekee moja moja kwa dakika mbili. Chora kwa penseli, andika ukuzaji, na kila mchoro uandikie jibu la yale maswali matatu. Na kwenye sanduku hilo aongeze slaidi moja ya epididimisi bila kukuambia iko wapi. Mimi yangu ipo hadi leo, ya tatu kutoka kushoto, na wanafunzi wangu hawajui.